Mwalimu Alipwe kwa Lipi?

Liko jambo moja ambalo likitajwa tu katika mkutano wa kijiji, watu wanasimama wote. Jambo hilo ni shule. Mzazi mmoja husema: "Mwanangu yuko darasa la 4 na barua hawezi kuisoma. Hawa walimu wanalipwa kwa kazi gani?" Mwingine humdakia: "Mwalimu ana watoto 100 chumba kimoja, nyumba hana, mshahara haumfikishi mwisho wa mwezi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Wa tatu husema wote wawili wanapoteza wakati, kwani mwenye fedha ni serikali, na fedha hazitoshi. Basi hapo ni kelele mpaka jua linatua.

Kila mmoja wa watu hawa watatu ameshika ukweli, lakini ameshika kipande. Katika makala hii tutajaribu kuviunga vipande hivyo. Kuna hesabu kidogo, kwa hiyo weka kalamu karibu.

Kwanza tuseme kwa nini jambo hili linatugusa sisi. Wengi wetu tulishika kalamu ukubwani. Tunajua asiyesoma anapoteza nini. Mazao yake hupimwa kwenye mzani ambao namba zake hazijui. Barua ya mwanawe husomwa na jirani, na siri ya nyumba inakuwa ya kijiji kizima. Tulipoanza kusoma tulisema watoto wetu hawatajifunza a-e-i-o-u wakiwa na mvi. Lakini mwaka 2011, utafiti wa Uwezo ulipowapima watoto majumbani kwao hapa Tanzania, katika kila watoto 10 wa darasa la 3 walikuwa kama 3 tu walioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la 2. Wenzao 7 hawakuweza, na walikuwa wameandikishwa shule kama wengine. Walivaa sare, wakaamka alfajiri, wakaenda, wakarudi.

MIFUKO MIWILI

Watu wanaposema "fedha za shule" huchanganya mifuko miwili. Tuitenganishe.

Mfuko wa kwanza ni mishahara ya walimu. Fedha hizi hazipiti mikononi mwa mwalimu mkuu wala mwa kamati ya shule. Zinatoka serikalini na kuingia benki katika akaunti ya kila mwalimu. Huu ndio mfuko mkubwa. Katika nchi nyingi, na kwetu vilevile, sehemu kubwa ya fedha za kuendesha elimu ya msingi huishia hapa.

Mfuko wa pili ni ruzuku ya uendeshaji. Ruzuku ni fedha ambazo serikali huipa shule kwa kuhesabu vichwa vya wanafunzi. Hizi ndizo za chaki, karatasi za mitihani, daftari la mahudhurio, kufuli la ofisi na misumari ya dawati lililovunjika. Mfuko huu ni mdogo, ila uko karibu na sisi, na tunaweza kuuhesabu wenyewe.

Hebu tuuhesabu. Januari 2016 serikali ya Tanzania ilianza elimu bila ada, kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha 4. Kiwango cha ruzuku kwa mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, shilingi 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya kununua vitabu kwa pamoja. Shilingi 6,000 zilipelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, kidogo kidogo kila mwezi. Basi, shule yenye watoto 400 ilistahili 6,000 mara 400, yaani shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Gawa kwa miezi 12. Unapata shilingi 200,000 kwa mwezi. Ukimgawia kila mtoto ni shilingi 500.

Wengine watasema hiyo ni bei ya andazi na chai. Hatubishi.

Tena kuna jambo limejificha ndani ya namba hiyo 10,000. Haikuanza mwaka 2016. Inatoka kwenye Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada ya shule za msingi kufutwa. Mpango ule ulitaja dola 10 za Marekani kwa kila mtoto, na wakati huo dola 10 zilikuwa karibu shilingi 10,000. Ilipofika mwaka 2016, shilingi 10,000 zile zile hazikufika hata dola 5. Namba haikuguswa, lakini thamani yake ilikuwa imepungua zaidi ya nusu. Ni kama debe linaloitwa debe siku zote, huku mtu analipunguza kina kila msimu. Mkulima anaujua mchezo huo.

Na watoto walikuwa wakiongezeka. Mwaka 2001 shule za msingi Tanzania zilikuwa na wanafunzi karibu milioni 4.8. Mwaka 2005 walikuwa karibu milioni 7.5. Hiyo ni sifa kubwa, hatutaki kuipunguza. Wazee wanakumbuka jambo kama hilo lilipotokea mara ya kwanza, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, ilipoamuliwa kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe shuleni. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la 7 wakaitwa, wakajifunza ualimu huku wanafundisha. Wengi wao walifanya kazi ya kusifiwa. Lakini tangu siku zile tumezoea kuhesabu watoto wangapi wameingia. Kuhesabu wangapi wametoka wakijua kusoma kumechelewa sana.

MSHAHARA HAUULIZI

Sasa turudi kwenye mfuko mkubwa. Mwalimu wa serikali analipwa kwa daraja lake. Daraja hutokana na cheti alichonacho na miaka aliyotumikia. Chukua walimu wawili wa daraja moja. Mmoja amewawezesha watoto 60 kusoma. Mwingine hajaonekana darasani tangu Jumatatu. Mwisho wa mwezi wanapokea sawa. Mshahara hauulizi.

Je, mshahara wenyewe unatosha? Walimu wamekuwa wakisema hautoshi. Tarehe 30 Julai 2012 Chama cha Walimu Tanzania kiliitisha mgomo wa nchi nzima. Walidai mshahara uongezwe kwa asilimia 100, yaani uwe mara mbili. Walidai na posho ya kufundishia, asilimia 55 ya mshahara kwa walimu wa sayansi na asilimia 50 kwa walimu wa masomo mengine, na tena asilimia 30 kwa wanaofundisha katika mazingira magumu. Serikali ilisema haina uwezo huo. Siku chache baadaye Mahakama Kuu iliamua kwamba mgomo si halali, na walimu wakarudi kazini. Katika siku hizo chache, mahali pengine wanafunzi wenyewe waliandamana wakitaka wafundishwe.

Mishahara imepanda tangu hapo, ila hesabu yake inataka macho. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa serikali kimepandishwa kwa asilimia 23.3. Watu wengi walidhani kila mtumishi ataongezwa kiasi hicho. Ilipofika Julai wakatazama hati zao za mshahara, wengi wakakuta nyongeza ndogo kuliko waliyoitarajia. Kumbe kima cha chini ni mshahara wa mtumishi wa ngazi ya chini kabisa. Walio juu yake huongezwa kwa kiwango kingine. Mwaka 2025 kima hicho kilitangazwa kupanda tena, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi. Ukisikia asilimia redioni, uliza: ni asilimia ya nani?

Wala mshahara siyo shida pekee ya mwalimu wa kijijini. Kijana anapangiwa shule ambayo hajapata kuisikia. Anafika na begi lake, anaambiwa nyumba ya mwalimu iliezuliwa na upepo mwaka juzi. Anapanga chumba cha kukodi. Fedha za kujikimu zikichelewa, anakopa dukani. Kufuatilia madai yake wilayani ni nauli, na ni siku 2 nje ya darasa. Tunapomwita mvivu tukumbuke na hayo.

Lakini mtoto naye ana haki yake. Mwaka 2014 Benki ya Dunia ilipima shule za msingi za Tanzania kwa kuzitembelea bila kutoa taarifa. Karibu nusu ya walimu hawakukutwa darasani, ingawa wengi wao walikuwapo shuleni. Siku ya shule ilikuwa ya karibu saa 6. Mtoto alifundishwa kwa muda usiofika saa 3. Anayelima nusu ya shamba, ghalani ataweka nini?

Wengine hujibu haraka: ongezeni mshahara, walimu wataingia darasani wenyewe. Nchi moja ilifanya hivyo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2005 Indonesia ilitunga sheria kwamba mwalimu atakayepata hati ya kuthibitishwa kazini, mshahara wake wa msingi utazidishwa mara mbili. Watafiti walifuata shule 360 kwa miaka kadhaa. Walimu waliopata nyongeza waliridhika zaidi. Matatizo yao ya fedha yalipungua, na wenye vibarua vya pembeni walipungua. Hayo ni mema, na binadamu anayastahili. Ila watoto wao walipopimwa hawakujua zaidi ya watoto wa walimu ambao bado walikuwa wanalipwa kama zamani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018, na yaliwashangaza watu wengi.

SHULE 350

Basi tushike lipi? Kwetu Tanzania, mwaka 2013 na 2014, jambo hili lilijaribiwa kama bwana shamba anavyojaribu mbegu. Jaribio liliitwa KiuFunza. Liliendeshwa na shirika la Twaweza pamoja na watafiti, mmoja wao akiwa Isaac Mbiti.

Mnajua bwana shamba anavyofanya. Hapandi mbegu mpya shamba zima halafu akasema imezaa, maana huenda ni mvua tu ilikuwa nzuri. Anagawa shamba vipande. Kipande kimoja anatia mbolea. Kimoja anapanda mbegu mpya. Kimoja anatia vyote viwili. Na kimoja anakiacha kama zamani, ili apate cha kulinganisha. Ndivyo ilivyofanywa kwa shule 350 za serikali katika wilaya 10. Zilipangwa kwa kura, ili mtu asije akasema shule nzuri zimependelewa.

Shule 70 zilipata fedha za ziada za uendeshaji, shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka.

Shule 70 nyingine hazikupata fedha hizo. Badala yake walimu wa darasa la 1, la 2 na la 3 waliahidiwa bahashishi, yaani fedha ya shukrani juu ya mshahara. Kila mtoto atakayefaulu jaribio la Kiswahili, Kiingereza au Hisabati, mwalimu wake wa somo hilo atapata shilingi 5,000. Mwalimu mkuu atapata shilingi 1,000. Jaribio lilisimamiwa na watu wa kutoka nje ya shule.

Shule 70 nyingine tena zilipata vyote viwili. Zilizobaki, shule 140, ziliendelea kama kawaida.

Tufanye mfano wa hesabu. Mwalimu wa Kiswahili ana watoto 80 darasa la 2. Wakifaulu 50, anapata 5,000 mara 50, yaani shilingi 250,000. Wakifaulu 10, anapata 50,000. Asipofaulu hata mmoja, mshahara wake uko pale pale, haukatwi. Hilo la mwisho tulitie mstari, maana walimu wengi wakisikia habari ya kulipwa kwa matokeo huogopa kukatwa.

Baada ya miaka 2 watoto walipimwa. Katika shule zilizopewa fedha za uendeshaji peke yake, watoto hawakujua zaidi ya wale wa shule zilizoachwa kama zamani. Hebu soma sentensi hiyo tena. Fedha zilifika, na watoto walibaki pale pale. Katika shule ambazo walimu waliahidiwa bahashishi peke yake, kulikuwa na dalili za nafuu, lakini si kubwa. Katika shule zilizopata vyote viwili, watoto waliendelea kweli kweli. Tena maendeleo yao yalizidi hata yale ya makundi mawili ya kwanza yakijumlishwa pamoja.

Kwa maneno mengine, moja na moja hapa hazikuwa mbili. Zilikuwa zaidi.

Kwa nini iwe hivyo? Sisi tunaona hivi. Kitabu hakijifundishi. Mwalimu asiye na sababu ya kukifungua hukifungia kabatini kisichafuke, na makabati ya namna hiyo tumeyaona. Kwa upande wa pili, mwalimu mwenye ari ambaye hana kitabu wala chaki ni mkulima hodari asiye na jembe. Atafanya nini, atachimba kwa kucha?

Watafiti waliona na jambo jingine, na hili linatuhusu wazazi. Shule zilipopata fedha za ziada, wazazi walipunguza fedha walizokuwa wakitumia wenyewe kwa masomo ya watoto wao. Mzazi akisikia shule ina hela, anapumua, anaelekeza shilingi yake kwenye mbegu au kwenye dawa ya mgonjwa. Hatumlaumu, mfuko wa mkulima una mashimo mengi. Lakini ndivyo sehemu ya fedha ilivyoyeyuka bila mtu yeyote kuiba.

MTEGO WA MTIHANI

Sasa tusikimbilie kusema kila mwalimu alipwe kwa mtihani. Jirani zetu wa Kenya waliona mtego wake. Mwaka 1998 na 1999, huko Busia na Teso, walimu wa shule 50 waliahidiwa zawadi ikiwa wanafunzi wao watafanya vizuri katika mitihani ya wilaya. Shule nyingine 50 ziliachwa kwa kulinganisha. Alama zilipanda. Lakini walimu hawakufika kazini zaidi ya zamani, wala hawakutoa kazi nyingi zaidi za nyumbani. Walichoongeza ni vipindi vya kujiandaa na mtihani. Zawadi zilipokwisha, alama zile hazikudumu. Watoto walikuwa wamefundishwa mtihani, na mtihani ulipopita, elimu nayo ikapita.

Mtego mwingine uko ndani ya ile shilingi 5,000. Ukisema anayefaulu ana malipo na asiyefaulu hana, mwalimu mjanja atawatazama watoto wake na kuwagawa. Hawa watafaulu hata nikilala. Hawa hawatafaulu hata nikikesha. Nishughulike na wale wa katikati. Hapo mtoto asiyejua silabi, ambaye ndiye hasa aliyetufanya tuandike makala hii, anasukumwa dawati la nyuma kabisa.

Kwa hiyo mwaka 2015 na 2016 njia mbili zilijaribiwa kwa kulinganishwa, katika shule 180, ambazo 60 kati yake ziliachwa bila kitu. Njia ya kwanza iliitwa Stadi. Kujua kusoma kuligawanywa ngazi kwa ngazi, kuanzia silabi na maneno kwenda juu, na mwalimu alilipwa kwa kila ngazi ambayo mtoto ameiweza, hata kama hajafika juu kabisa. Njia ya pili iliitwa Mashindano. Watoto wa shule mbalimbali waliokuwa sawa mwanzoni mwa mwaka waliwekwa kundi moja, na mwishoni mwalimu alilipwa kwa nafasi ambayo mtoto wake ameshika katika kundi. Kwenye karatasi wataalamu huisifu hii ya pili, kwamba ina haki zaidi kwa mwalimu mwenye watoto dhaifu. Lakini ile rahisi, Stadi, haikushindwa. Ilifanya kazi sawa na mwenzake au kumzidi. Nadhani hata wasomaji wetu wameona wakati wa kusoma: Stadi inaeleweka mara moja, Mashindano yanataka kusomwa mara mbili. Mtu ambaye hawezi kuyapigia hesabu malipo yake, atayakimbiliaje?

Wapo wanaopinga njia zote mbili, na hoja zao hazidharauliki. Nani atakuwa mpimaji miaka yote, na akishakuwa rafiki wa mwalimu mkuu itakuwaje? Historia na maarifa ya kilimo yasiyopimwa yatafundishwa na nani? Mwalimu wa darasa la 6 ataona wa darasa la 2 analipwa, yeye je? Sisi tunakubali kwamba bahashishi haiwezi kuwa badala ya mshahara wa haki. Mtu mwenye njaa huwezi kumwambia atakula akishinda mbio. Ila tumekwisha kuona kwamba kuongeza mshahara peke yake, au ruzuku peke yake, hakukumfikia mtoto.

KARATASI UKUTANI

Mpaka hapa tumesema kana kwamba fedha zikitoka juu zinafika chini. Uganda ilipima jambo hilo. Watafiti walifuatilia ruzuku za shule za msingi za miaka ya 1991 hadi 1995. Katika kila shilingi 100 iliyotolewa na serikali kuu, shuleni zilifika kama shilingi 13. Nyingine zilipotelea njiani, hasa wilayani, na shule nyingi hazikupata kitu. Serikali ya Uganda ilipoambiwa, ilianza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani walichopokea. Ilipofika mwaka 2001, katika kila shilingi 100 zilikuwa zinafika zaidi ya 80. Wataalamu wanabishana kama ni magazeti peke yake yaliyofanya hivyo, maana mambo mengine ya usimamizi wa fedha yalirekebishwa wakati huo huo. Sisi watu wa gazeti tungependa kujisifu, lakini tuseme tu kwamba magazeti yalisaidia.

Karatasi ukutani inataka msomaji. Nenda shuleni kwenu, tazama ubao wa matangazo. Kama mapato na matumizi yamebandikwa, yasome. Uliza wanafunzi ni wangapi, zidisha kwa shilingi za kila mtoto kwa mwezi, linganisha. Zikipungua, usianze na neno wizi. Huenda idadi iliyopelekwa wilayani ni ya mwaka uliopita. Huenda mwezi huo fedha zilichelewa kwa wote. Mwalimu mkuu ni katibu wa kamati ya shule, na wazazi wamo katika kamati hiyo, kwa hiyo mahali pa kuuliza papo. Na kama hakuna kilichobandikwa, hilo nalo ni swali.

Kuhusu michango, watu wamechanganyikiwa. Januari 2018 Rais John Magufuli alikataza michango ya lazima shuleni, na walimu wakaambiwa wasishike fedha za wazazi. Kuchangia kwa hiari hakukufa. Mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajachanga, hilo ndilo lisiloruhusiwa. Kijiji kikiamua kuezeka nyumba ya mwalimu kwa nguvu zake, hiyo pia ni fedha ya elimu, tena inakwenda moja kwa moja kwenye lile tatizo la mwalimu anayeishi mbali.

Sasa mwalimu kuwa darasani, tutajuaje sisi tulio shambani? Daftari la mtoto lina tarehe. Jioni moja lichukue. Hesabu siku za shule za mwezi uliopita, halafu hesabu tarehe zilizoandikwa katika somo la Kiswahili. Kama siku zilikuwa 20 na tarehe ziko 8, umepata la kuzungumza. Tazama na kalamu nyekundu: kazi imesahihishwa, au ni vema tu kila ukurasa? Kisha mpe mtoto gazeti hili asome mistari mitano. Akishindwa, usimchape. Nenda kwa mwalimu, umwulize kwa heshima: "Mwalimu, mwanangu amekwama wapi, kwenye silabi, kwenye neno au kwenye sentensi?" Mwalimu mzuri atafurahi kuulizwa hivyo, na atakujibu papo hapo. Asiyejua jibu ataanza kulitafuta, kwa sababu amejua kuna mtu anatazama.

Lipo na swali ambalo kamati nyingi hazijapata kuliuliza: darasa la 1 anafundisha nani? Mara nyingi walimu hodari hupelekwa darasa la 7, kwa kuwa matokeo ya darasa la 7 ndiyo yanayotangazwa. Darasa la 1, lenye watoto wengi kuliko yote, anapewa mgeni, au aliye karibu kustaafu, au aliyegombana na wakubwa. Mtoto asiyejua kusoma akivuka darasa la 2, kila somo linalofuata kwake ni Kigiriki. Kazi hizo hugawanywa na mwalimu mkuu, na kamati inaweza kuzungumza naye katika kikao cha kwanza cha mwaka, kabla ratiba haijabandikwa.